Gazeti la Simuni na Mzigo Wake



Elimu ina vyombo vya kuichukua, na kila zama zina chombo chake. Wazee wetu waliichukua kwa ubao na wino, kisha kwa kitabu cha kupiga chapa, kisha kwa gazeti. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, maneno yalitiwa katika karatasi, na karatasi ikasafiri kwa mkono wa msafiri na kwa posta. Aliyelipokea alilipokea zima, na jirani yake akaliazima asilipie senti.

Leo gazeti limeingia simuni. Wala si maandishi matupu. Yako magazeti ambayo msomaji akibonyeza picha yafunguka maelezo, akibonyeza kitufe asikia sauti ya mwalimu akisomesha, akibonyeza tena aona watu wakienda na kuzungumza, na mtoto aulizwa maswali akajibu papo hapo. Hapana shaka hii ni neema. Mama aliye Mahuta au Kitama, asiyepata nafasi ya kutoka nyumbani, anaweza kuketi na wanawe jioni wakajifunza pamoja namna ya kutia udhu kwa kuona na kusikia.

Walakini neema hii ina mzigo wake, na mzigo huo hauonekani kwa macho. Gazeti la simuni lina uzito unaopimwa kwa megabaiti, yaani MB, na kila MB inanunuliwa kwa fedha. Sisi wa Tandahimba twajua fedha zetu hufika lini. Korosho zikiuzwa kuanzia mwezi wa Oktoba, mkono hupata nguvu. Ikifika Aprili na Mei, hata bando dogo ni jambo la kushauriana baina ya mume na mke. Basi gazeti likija na uzito mkubwa, mwenye nyumba hupewa moja katika mawili: ama alifungue na bando la juma zima liishe, ama aliache lilivyo, lizunguke katika simu bila ya kusomwa. Na gazeti lisilosomwa lina faida gani?

Ni kwa sababu hiyo nimeona yafaa tulizungumze jambo hili, kwani vijana wetu wengi sasa ndio watengenezaji wa magazeti haya, na wengi wao wana ufundi wa kupamba kuliko ufundi wa kupunguza.

TUUPIME MZIGO KWA HESABU

Kipimo kidogo tunachokihitaji chaitwa baiti. Herufi moja ya Kiswahili huchukua baiti 1. Baiti 1,000 ni kilobaiti 1, na kilobaiti 1,000 ni megabaiti 1. Ukurasa wenye maneno 400 hauzidi kilobaiti 3 hivi. Gazeti la kurasa 32 likiwa maandishi matupu halifiki hata kilobaiti 100, yaani sehemu moja ya kumi ya MB moja.

Tazama Msahafu Mtukufu. Herufi zake ni zaidi ya 320,000, na herufi ya Kiarabu katika kompyuta huchukua baiti 2. Ukiziandika zote pamoja na irabu zake, jumla haifiki MB 2. Lakini mtu akizipiga picha kurasa zote 604 za Msahafu wa chapa ya Madina, kisha akazifunga ziwe kitabu cha simuni, faili lake laweza kupita MB 100. Maneno ni yale yale; kilichozidi ni picha ya karatasi.

Sasa tuseme vijana wa chuo wametengeneza gazeti la kurasa 32. Wametia picha 20 walizozipiga kwa simu, kila moja ina MB 4. Hizo ni MB 80. Wametia sauti ya dakika 10, iliyorekodiwa kama inavyorekodiwa muziki, nayo ni MB 10 kasoro kidogo. Jumla ni MB 90, na bado hawajatia filamu. Likipelekwa katika nyumba 200, watu hao kwa pamoja watalipia MB 18,000. Na pale mtandao ulipo dhaifu, ambapo hupita kilobiti 100 tu kwa sekunde, MB 90 zitachukua saa 2 kamili, endapo simu haitakatika katikati na kuanza upya.

Gazeti hilo hilo, kwa maneno yale yale, picha zile zile 20 na sauti ile ile, laweza kuwa MB 6. Nyumba 200 zitalipia MB 1,200 tu, na pale penye mtandao dhaifu litafika kwa dakika 8. Tofauti ya saa 2 na dakika 8 ndiyo tofauti ya kuachwa na kusomwa.

MZIGO WATOKA WAPI?

Wako wanaodhani kuwa uzito wa gazeti ni wingi wa kurasa zake. Sivyo. Tumekwisha kuona kuwa maandishi ni mepesi. Uzito watoka katika mambo manne.

La kwanza ni picha. Simu ya leo hupiga picha yenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, yaani nukta milioni 12. Lakini kioo cha simu nyingi kina upana wa nukta 720 au 1,080 tu. Nukta zilizozidi hazionekani na jicho lolote, ila zimelipiwa.

La pili ni sauti na filamu. Filamu ya dakika moja iliyopigwa na simu kwa ubora wake wa juu hupita MB 100 kwa urahisi. Filamu moja yaweza kuwa nzito kuliko magazeti ya mwaka mzima.

La tatu ni maumbo ya herufi, yanayoitwa fonti. Mtengenezaji akipenda maandiko ya mapambo, gazeti hulazimika kuyabeba maumbo hayo ndani yake. Akitumia fonti saba, azibeba zote saba, pamoja na alama za lugha ambazo hakuandika hata neno moja kwazo.

La nne ni yaliyofichika: vipande vya picha vilivyokatwa lakini vimebaki ndani, nembo moja iliyotiwa upya katika kila ukurasa, na athari za marekebisho ya zamani.

Na msidhani kuwa hili ni kosa la wanafunzi wa vijijini peke yao. Mwezi wa Mei mwaka 2010, gazeti mashuhuri la Marekani liitwalo Wired lilitoa toleo lake la kwanza la kusomwa katika iPad. Uzito wake ulikuwa takriban MB 500. Wataalamu walipolichungua wakakuta kuwa kurasa zake zilikuwa picha tupu. Hata herufi zenyewe zilikuwa zimegeuzwa picha. Na kila ukurasa ulikuwa na picha mbili, moja ya kutazamwa chombo kikiwa kimesimama na moja kikiwa kimelala. Watu wale walikuwa na fedha, mitambo na mafundi, na bado walibebesha wasomaji mzigo usio na haja. Basi ufundi wa kupamba si ufundi wa kupunguza, na huu wa pili wahitaji kusomwa.

KUKUNJA NA KUBANGUA

Njia za kupunguza uzito wa faili ni nyingi, lakini zote zarudi katika asili mbili. Nami nitazieleza kwa mifano ya nyumbani kwetu.

Asili ya kwanza ni kukunja. Kanzu ikikunjwa vizuri huingia katika mfuko mdogo, na ikikunjuliwa hutoka nzima, haikupungua hata uzi. Katika kompyuta, kukunja ni kuyatafuta yaliyokaririwa na kuyaandika mara moja. Neno likitokea mara mia, halina haja ya kuandikwa mara mia. Huandikwa moja, na mahali pengine pote huwekwa alama ya kulirejea. Hivyo ndivyo lifanywavyo faili la ZIP, na ndivyo zifanywavyo picha za PNG. Lirudipo, hurudi kama lilivyokuwa.

Asili ya pili ni kubangua. Kila mtu wa Tandahimba, Newala na Masasi ajua kuwa kilo 4 au 5 za korosho ghafi hutoa takriban kilo 1 ya korosho iliyobanguliwa. Ganda limetupwa wala halirudi, lakini kinacholiwa kimebaki. Picha za JPEG, ambazo kanuni yake ilitolewa mwaka 1992, hufanywa kwa njia hii. Jicho la mwanadamu hutambua vyema tofauti ya mwanga na giza, na si hodari sana wa kutambua tofauti ndogo za rangi. Basi kompyuta hutupa zile tofauti ndogo ambazo jicho halizioni, na kubakisha zinazoonekana. Sauti nazo ni vivyo hivyo: hutupwa yale ambayo sikio halingeyasikia.

Lakini ajuaye kubangua ajua pia kuwa ukipiga kwa nguvu kupita kiasi, korosho yenyewe hupasuka. Picha ikibanguliwa mno huwa na madoa na vigae, na sauti huwa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Kila kitu kina kiasi chake.

NJIA ZA KUFUATA

Sasa nawaelekea vijana wenye kutengeneza. Yashikeni haya kwa tartibu.

Kwanza, maandishi yaachwe kuwa maandishi. Msiandike makala, kisha mkaigeuza picha. Maandishi yaliyo maandishi ni mepesi, hukuzwa bila ya kuharibika kwa ajili ya wazee wenye macho dhaifu, hutafutwa neno likapatikana, na asiyeona husomewa na simu yake.

Pili, punguzeni nukta za picha kabla ya kuziingiza katika gazeti. Picha ya nukta 4,000 kwa 3,000 ifanyeni 1,200 kwa 900. Nukta zitakuwa 1,080,000, yaani sehemu moja ya kumi na moja hivi ya zile za kwanza, na katika kioo cha simu itaonekana ile ile. Kisha ihifadhiwe kwa JPEG ya ubora wa kati, nayo itakuwa karibu na kilobaiti 150. Picha 20 za namna hiyo ni MB 3 badala ya MB 80. Nembo na michoro ya mistari ifanywe kwa njia ya kukunja, si ya kubangua, ili kingo zake zibaki safi.

Tatu, sauti ya mtu anayesema si muziki. Haihitaji kurekodiwa kwa njia mbili za kushoto na kulia. Irekodiwe kwa njia moja, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, na dakika 10 zitakuwa takriban MB 2.4. Iko kanuni iitwayo Opus, iliyotolewa mwaka 2012, ambayo huifanya sauti ya mazungumzo iwe safi kwa uzito mdogo sana; nayo ndiyo itumikayo katika jumbe za sauti za WhatsApp, ndiyo maana jumbe hizo hufika upesi.

Nne, filamu isitiwe ndani ya gazeti. Iwekwe mahali pengine mtandaoni, na ndani ya gazeti kiwekwe kitufe cha kuifuata, pamoja na neno la kueleza ina MB ngapi. Mwenye uwezo ataifuata, asiye na uwezo hatalazimishwa. Kumwambia mtu uzito kabla ya kumtwisha ni katika uaminifu wa biashara.

Tano, fonti mbili zatosha, moja ya vichwa vya habari na moja ya habari zenyewe; na programu iagizwe kubeba herufi zilizotumika tu.

Sita, mwisho wa kazi lipitisheni faili katika chombo cha kupunguza. Programu ya LibreOffice, ambayo ni bure, ikitoa faili la PDF huuliza picha zipunguzwe kwa kiasi gani. Msiipite sehemu hiyo bila ya kuisoma. Iko nyingine ya bure iitwayo Ghostscript yenye vipimo vilivyo tayari: nukta 72 kwa inchi kwa kutazama kiooni tu, 150 kwa vitabu vya kusoma, na 300 kwa kupiga chapa. Kwa gazeti la simuni, 150 yatosha. Ila jueni kuwa vitufe na sauti vyaweza kupotea katika kupunguzwa huko, kwa hiyo lijaribuni gazeti zima kabla ya kulitoa. Nanyi mlijaribu katika simu ya bei ndogo, wala si katika simu ya aliye tajiri kuliko wenziwe.

Saba, kwa wale wanaotaka wepesi zaidi, iko njia ya EPUB, ambayo kwa hakika ni kurasa za maandishi na picha zilizokunjwa pamoja. Maandishi yake hujipanga kwa upana wa kioo chochote, mtu asihangaike kusukuma ukurasa huku na huku.

TAHADHARI YA HERUFI ZA QUR'ANI

Hapa naomba tusimame kidogo, kwani jambo hili ni zito kuliko fedha.

Herufi za Kiarabu hupambanuliwa kwa nukta. Baa, taa na thaa ni umbo moja. Yaliyozitenga ni nukta moja chini, mbili juu na tatu juu. Basi mtu akiipiga picha aya, kisha akaibangua kwa JPEG mpaka ikawa nyepesi sana, nukta zile huwa ukungu, na irabu huzama. Mtoto anayejifunza atasoma asichokijua, na akikihifadhi kwa makosa, kumtoa makosa hayo ni kazi ya mwaka.

Liko la hatari kuliko hilo. Mwezi wa Agosti mwaka 2013, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alieleza kuwa mashine za kunakili za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika nyaraka: palipokuwa na 6 pakatokea 8. Sababu yake ilikuwa ni hii hii ya kupunguza uzito. Mashine iliona maumbo mawili yanafanana, ikaandika moja na kulitumia mahali pa yote mawili. Na ubaya wake ni kuwa nakala ilionekana safi kabisa, haina doa la kumshtua msomaji. Ikiwa 6 na 8 zilichanganywa, je, baa na nuni?

Kwa hiyo kanuni iwe hii: maneno ya Qur'ani na Hadithi yaandikwe kwa herufi za kompyuta kutoka katika nakala iliyohakikiwa, wala yasifanywe picha ya kubanguliwa. Yakilazimika kuwa picha, basi ziwe za kukunja. Na kabla ya kutolewa, mwalimu aliyehifadhi alisome gazeti lililokwisha kupunguzwa, asisome lile la kwanza, kwani makosa huingia katika kupunguzwa kwenyewe.

JE, TUNGOJE MTANDAO WENYE KASI?

Huenda msomaji akasema: "Maalim, mambo haya ni ya kupita. Minara inajengwa, mtandao utakuwa na kasi, na hesabu zako hazitakuwa na kazi."

Namjibu kwa mambo mawili. La kwanza, njia ikipanuka, mizigo nayo hukua. Mwezi wa Machi mwaka 2012 ilipotoka iPad ya kioo chenye nukta mara nne ya zile za kwanza, magazeti yaliyofanywa kwa picha yalivimba mara moja ili yakifae kioo kipya, na wasomaji wakabaki na malalamiko yale yale. Asiyejifunza kiasi katika uchache hatakijua katika wingi.

La pili, njia hizi nazo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na watu wa Tanzania pamoja na nchi jirani wakaona intaneti yao imedhoofika kwa siku kadhaa. Katika siku kama zile, lililo jepesi hupita na lililo zito hukwama njiani.

Nchi yetu hii ya juu, uwanda wa Makonde, haina mito. Kabla ya kuletwa mabomba, mama zetu walishuka bondeni kufuata maji, kisha wakaupanda mlima na mitungi kichwani. Hapana hata mmoja aliyepanda na mtungi wenye nusu mchanga. Walijua thamani ya kila kibaba walichokibeba. Na sisi tunaowapelekea watu elimu tusiwatie mchanga katika mtungi.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Wahariri na wenye kutoa magazeti: jiwekeeni mpaka. Semeni, toleo letu halitazidi MB kadhaa, na lililozidi halitoki. Mpaka ukiwekwa mwanzoni, mtengenezaji huchagua picha 10 njema badala ya 40 za kujaza nafasi.

Wazazi: si lazima kila simu ya nyumba ishushe gazeti lile lile. Mmoja akilishusha, na awapelekee wengine kwa Bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu, wala haitatumika hata MB moja ya bando. Na vyuo vyetu vifanye hivyo: mwalimu alishushe mara moja, wanafunzi na wazazi wachukue kwake siku ya Ijumaa.

Nanyi vijana, mabinti na wavulana: dini yetu imekataza israfu hata katika maji ya udhu. Mali ya msomaji maskini ni bora kuhifadhiwa, hasa pale ambapo yeye mwenyewe haoni inapotea wapi. Atakayeketi saa moja akapunguza MB 90 zikawa 6, ameziokolea nyumba 200 fedha ambazo hatashukuriwa kwazo, kwa kuwa hapana atakayejua. Lakini gazeti litafunguliwa Mahuta, litafunguliwa Newala, na mtoto mmoja atajifunza neno ambalo asingelijua. Hilo latosha kuwa ujira.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kurahisisha, wala tusiwe wenye kuyafanya mazito yaliyo mepesi. Wabillahi tawfiq.